UZI: Miaka 11 mpira wangu ukikata kulia, na ilivyobidi kwanza uende kushoto

Mzigo_Bandarini (mwanzisha uzi)

Wadau wa gofu, salaam aleikum na habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aupitie tu, mwenye nafasi atafute kikombe cha kahawa chungu akae.

Nacheza tangu 2013. Natumia mkono wa kulia, kwa hiyo mwenye shoto ageuze kila nitakachosema. Hendikapu yangu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikishuka ndivyo unavyokuwa hodari) ilishuka vizuri mpaka 22, ikafika hapo ikagoma kabisa. Ugonjwa ulikuwa mmoja: slaisi. Mpira ulikuwa unatoka kushoto kidogo, unapaa vizuri, wenzangu washaanza kusema "safi!", halafu ukifika juu kama umekumbuka kitu umesahau upande wa kulia, unageuka kukifuata.

Anayeujua uwanja wa Mombasa Golf Club pale Mama Ngina Drive ananielewa. Klabu ya tangu 1911, mashimo 9 tu, na bahari iko pale pale chini ya jabali. Meli zinazoingia Kilindini zinapita mbele ya macho yako. Kazi yangu ni klearing, kutoa mizigo bandarini. Kuna siku nilisimama kwenye tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo, nikaiona meli iliyobeba mzigo wa mteja wangu ikiingia, nikapiga, na mpira ukaenda kuilaki.

Dawa nilipewa nyingi. Usiinue kichwa. Nyoosha mkono wa kushoto. Punguza nguvu. Nunua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali (nilinunua, tena ile yenye uzito uliosogezwa upande wa kisigino, ikapunguza mkato kidogo, ikapunguza mfuko zaidi). Mwalimu mmoja, simtaji wala sisemi alikuwa wapi, aliniambia nielekeze miguu na mabega kushoto ili mpira ukikata uangukie katikati. Nikamtii. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu mpira ukawa unakata mara mbili ya zamani, nami nikazidi kuelekea kushoto, mpaka kedi mmoja, mbeba begi la mchezaji, akaniuliza kwa adabu kama napiga kuelekea shimo letu au la jirani.

Halafu nikaanza kuulaumu upepo. Ilipokuwa Kusi nikasema ni Kusi. Likaja Kaskazi mwezi wa kumi na mbili, upepo umegeuka kabisa, mpira ukakata vilevile. Hata kwenye maleleji, siku ambazo bendera ya shimo imelala kama nguo iliyoanikwa, ulikata. Hapo nikaishiwa na wa kumlaumu.

Narudi na sehemu ya pili nikishatoka kazini.

---

KusiNaKaskazi

Usiusafishe upepo kabisa ndugu yangu. Ukipiga slaisi upepo ukiwa usoni, mkato unaongezeka. Upepo wa mgongoni unaupunguza. Wa kutoka kushoto ndio wa kuombea dua. Lakini nakubali, upepo hauzai ugonjwa, unaukuza tu. Lete sehemu ya pili.

---

Ami_wa_Tudor

Mimi napinga mapema. Slaisi si ugonjwa. Jack Nicklaus ana mataji makubwa 18 na mpira wake aliopenda ulikuwa unainama kulia. Cheza na mpira wako, mwanangu. Elekea kushoto uuache urudi. Kila mtu na mkono aliopewa.

---

Mzigo_Bandarini

Ami shikamoo. Nicklaus mpira wake uliinama yadi chache, na aliuinamisha akitaka. Akitaka kushoto pia aliweza. Mimi wangu ulikuwa unaondoka na tiketi ya kwenda tu. Hiyo ndiyo tofauti, mengine nakubaliana nawe.

Sehemu ya pili.

Jumamosi moja kedi wangu wa kawaida hakuja, nikapewa mzee mmoja wa ng'ambo ya Likoni. Mtu wa maneno machache. Kwa mashimo sita hakusema lolote ila "bosi, aioni saba" (fimbo ya chuma namba saba) na "bosi, upepo." Nikapiga wa kwanza baharini, wa pili nje ya mpaka, na mnajua ukitoka nje ya mpaka unarudi ulipopigia na pigo moja la adhabu juu. Shimo la saba nikavua glavu nijipanguse jasho. Akanyoosha mkono akaiomba hiyo glavu.

Akaigeuza, akaweka kidole chake palipotoboka. Kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, palikuwa na tundu unaweza kupitisha sarafu. Vidoleni ilikuwa mpya kama imetoka dukani.

"Glavu hii ya miezi mingapi?"

"Mmoja na nusu."

"Ile ya kabla yake ilitoboka wapi?"

Hapo hapo. Zote. Nina begi la glavu nyumbani zilizotoboka mahali pamoja na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Akaniambia nishike fimbo. Nikashika. Akasema niangalie mkono wa kushoto bila kuinamisha kichwa, nihesabu vifundo vya vidole ninavyoviona. Nikaona kimoja. Kidole gumba kimesimama wima katikati ya mpini, fimbo imelala kwenye kiganja kama mwiko wa kusongea ugali. Akasema, "Bosi, ukishika hivi mlango uko wazi. Hata ukimpata malaika akupigie, mpira utakwenda kulia."

Ikabidi nicheke. Lakini ndilo jambo lenyewe, na naomba tulifafanue kwa sababu miaka yote 11 nilikuwa natibu kitu kingine.

Mpira unaangalia mambo mawili unapogongwa: uso wa fimbo (sehemu inayogonga mpira) umeelekea wapi, na fimbo yenyewe inasafiri kuelekea wapi. Zamani wengi tulifundishwa kwamba mpira unaanza safari kule fimbo inakosafiri, halafu unapinda kufuata uso. Vipimo vya rada vilipokuja vikaonyesha kinyume. Mwanzo wa safari unaamuliwa zaidi na uso, robo tatu na zaidi, na kwa draiva zaidi ya hapo. Mpindo ndio unatokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso ukiwa wazi kulia kwa njia ya fimbo, mpira utakata kulia. Tofauti ikizidi, mkato unazidi.

Sasa angalieni mtego. Uso wangu ulikuwa wazi kwa sababu ya mshiko. Mpira ukaenda kulia. Mwili, bila kuniuliza, ukaanza kuvuta fimbo kushoto ili kuuokoa mpira: bega la kulia linatangulia, fimbo inatoka nje inaingia ndani. Tofauti kati ya uso na njia ikaongezeka. Mpira ukakata zaidi. Mwili ukavuta zaidi kushoto. Halafu akaja mwalimu akasema nielekee kushoto zaidi!

Kila mtu aliyenitazama aliliona bega. "Unakuja kwa juu, unakuja kwa juu." Kweli, nilikuwa nakuja kwa juu. Ila bega lilikuwa linazima moto ulioanzia kwenye mshiko.

---

Bibi_Nyali

Kaka, hapo kwenye glavu umenigusa. Nimeinuka kitandani nikaenda kuangalia yangu. Kitako cha kiganja. Mume wangu ananiuliza natafuta nini saa nne usiku kwenye buti la gari.

Swali: kwa nini aioni fupi zangu zinaenda sawa na draiva ndiyo inanitia aibu, ikiwa mshiko ni ule ule?

---

Mzigo_Bandarini

Dada, pole na hongera. Nilimuuliza mzee swali hilo hilo. Fimbo fupi ina uso uliolala sana, mpira unazunguka kurudi nyuma kwa nguvu, na mzunguko huo unaufunika ule mpindo wa pembeni. Draiva uso wake umesimama, hauna pa kuficha. Ugonjwa upo kwenye zote, ila draiva haijui kutunza siri. Ukitaka kuhakiki, tazama mwanya unaouchimba kwenye nyasi ukipiga aioni. Wangu ulikuwa unaelekea kushoto ya shabaha kama mshale.

---

Mgeni_Uwanjani

Samahani wakuu, mimi ndiyo naanza. Kuna video nimeona inasema ushike fimbo kidole gumba kiwe katikati, vifundo visionekane sana, na kwamba mabingwa wakubwa walishika hivyo. Nani mkweli?

---

Kedi_Mstaafu

Kijana, uliza bingwa huyo alikuwa anaumwa nini. Ben Hogan alidhoofisha mshiko wake kwa sababu adui yake alikuwa "hook", yaani mpira uliopinda kushoto ghafla. Miaka mingi ulimsumbua. Alipougeuza mkono ukapona. Sasa mwenye slaisi akiiga dawa ya Hogan ni sawa na mwenye presha ya kushuka kunywa dawa ya presha ya kupanda. Nimebeba mabegi ya watu miaka mingi, nimewaona wengi wakiumizwa na hiyo dawa.

Na mzee huyo wa Likoni nadhani namjua. Sitamtaja. Ila muulize kuhusu kimia, ule wavu wa kutupa.

---

Mzigo_Bandarini

Haha mzee wangu, wewe unamjua kweli. Kimia kinakuja.

Sehemu ya tatu, na ndiyo iliyoniuma.

Mzee alinipanga mshiko upya pale pale. Fimbo ikalala kwenye mizizi ya vidole, mkono wa kushoto ukageuka kidogo kulia mpaka nikaona vifundo viwili na nusu. Ile V inayotengenezwa na kidole gumba na kidole cha shahada ikaelekea bega la kulia. Akasema nisibane. Hili la kubana nalitilia mkazo kwa sisi wa pwani: joto la mwezi wa pili na wa tatu linakutoa jasho mpaka mpini unateleza, ukiteleza unabana, ukibana mikono inakuwa migumu kama mpingo na uso wa fimbo haufungi kwa wakati. Siku hizi nabeba glavu mbili, moja naivaa nyingine inaning'inia kwenye begi inakauka, nabadilisha kila shimo la tatu. Na taulo.

Nikapiga. Mpira ukaanza kushoto ukaenda kushoto. Haukupinda hata kidogo. Moja kwa moja mpaka vichakani.

Nikamwangalia. Mzee amefurahi.

Nikapiga wa pili. Kushoto, moja kwa moja. Wa tatu ukaenda kushoto ukapinda tena kushoto, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu nizaliwe.

"Bosi, sasa umepona nusu," akasema.

Mimi nimeshapandisha hasira, namwambia mzee hii si nusu, hii ni kuhamisha matatizo kutoka mtaa huu kwenda mtaa ule. Akatulia, akanieleza. Mpira umeenda sawa bila kupinda, maana yake uso na njia sasa vinaelekea pamoja. Vyote vimeelekea kushoto kwa sababu mwili bado unavuta kushoto kwa mazoea. Ule mwili ulikuwa unauokoa mpira usiende kulia. Sasa mpira hauendi tena kulia, mwili haujapata habari. Mwili ukiona mipira mingi ikienda kushoto, wenyewe utaanza kuitafuta kulia. Sharti nisirudishe mshiko wa zamani nikiona aibu.

Hapo ndipo wengi tunakimbia, jamani. Mimi mwenyewe kumbukeni nilishawahi kubadilisha mshiko mwaka 2017, nikaona mpira unaenda kushoto, nikasema "hii haifai" nikarudi kwangu. Dawa nilikuwa nayo mdomoni nikaitema. Safari hii nilipiga kushoto wiki tano. Wiki tano! Rafiki zangu wakaanza kuniita jina la kundi la siasa za mrengo wa kushoto. Nikacheza mashindano ya Jumapili moja nikarudi na kadi ya kumficha mke.

---

Ami_wa_Tudor

Sasa naanza kukuelewa. Lakini wenzako uwanjani hawakukwambia?

---

Mzigo_Bandarini

Ami, kwenye mashindano kanuni ya 10.2 inamkataza mchezaji mwenzako kukupa ushauri raundi ikiendelea. Kedi wako anaruhusiwa. Ndiyo maana nasema watu wanaomtumia kedi kubebea begi tu wanatupa pesa.

Sasa kimia. Mzee ni mvuvi wa ujanani. Baada ya wiki kama mbili za kupiga kushoto alinikuta renji, uwanja wa mazoezi, akanitazama, akasema bega bado linatangulia. Akaniuliza kama nishaona mtu akitupa kimia. Nimezaliwa Mji wa Kale, nimeona. "Anaanza na nini?" Nikafikiri. Akasimama akaonyesha, mikono mitupu. Nyavu ziko begani na mkononi, mwili umegeuka nyuma. Kabla mkono haujaenda popote, goti la mbele linakaa, kiuno kinafunguka kuelekea majini, halafu ndipo mkono unafuata na kimia kinachanua. Akarudia vibaya makusudi, akatanguliza bega. "Hivi kinaanguka kama gunia miguuni kwako. Wewe bosi unatupa gunia."

Nilirudia ile ya kimia bila fimbo labda mara mia, mlinzi wa renji akinitazama.

Halafu akavua kandambili yake moja, akaiweka chini nje ya mstari wa mpira, nyuma kidogo, kama futi moja. Ukija kwa nje, unaipiga kandambili. Ukija kwa ndani, unapita. Nilianza na aioni saba, nusu mwendo, miguu imekaribiana, mguu wa kulia nimeurudisha nyuma kidogo. Siku ya kwanza kandambili ya mzee iliruka mara nane. Nimemnunulia pea mpya.

Draiva hatukuigusa mpaka wiki ya nne.

---

KusiNaKaskazi

Ongeza hili: angalia mpira umeuweka wapi. Wengi wa slaisi huusogeza mbele mno, mabega yanafunguka kuelekea kushoto kabla hata hujaanza. Unaweza kuwa na mshiko mzuri na bado ukaja kwa nje kwa sababu hiyo tu.

---

Mzigo_Bandarini

Kweli kabisa, na wangu ulikuwa mbele. Kwa draiva sasa nauweka sambamba na kisigino cha mguu wa kushoto, nahakikisha mabega yanaangalia ninakotaka. Asante kwa kuongeza.

---

Bibi_Nyali

Nimejaribu leo asubuhi. Vifundo viwili na nusu. Mipira 30, 22 imeenda kushoto. Nimefurahi kama mwendawazimu, watu wa renji wananishangaa. Ila kuna michache ya draiva imeondoka sawa halafu ikakata tena kulia, na mshiko sikuubadilisha. Hiyo inatoka wapi?

---

Mzigo_Bandarini

Dada! Hongera, na swali lako ndilo lilinichelewesha wiki nzima.

Nunua poda ya mtoto. Pakaa kidogo tu kwenye uso wa draiva, ile nyeupe ibaki kama vumbi, halafu piga. Mpira utaacha alama ya duara. Yangu ilikuwa kwenye kisigino, karibu na shingo ya fimbo, karibu kila mara. Draiva ikigongwa hapo, kichwa chake kinazunguka na mpira unapata mzunguko wa kukata kulia hata kama uso na njia viko sawa. Na ukija kwa nje ni rahisi sana kugonga hapo. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshaponyesha mshiko ukadhani haujapona, kumbe ni mahali unapogonga. Mimi nilisogea nyuma nusu hatua kutoka kwenye mpira, alama ikahamia katikati.

Usipakae kwenye mashindano. Sheria hazitaki kitu cha kubadilisha hali ya uso wa fimbo. Renji tu.

---

Mgeni_Uwanjani

Mkuu, na sasa hendikapu iko wapi?

---

Mzigo_Bandarini

17. Bado nakata siku nikichoka, hasa mashimo ya mwisho, jasho limenijaa na nimesahau kubadilisha glavu. Nikiona mpira umekata kulia naangalia vifundo kwanza, kabla ya kitu chochote. Mara nyingi navikuta viwili, wakati mwingine kimoja na nusu. Mkono unarudi kwao wenyewe usiku kama paka.

---

Kedi_Mstaafu

Na glavu sasa inatoboka wapi?

---

Mzigo_Bandarini

Mzee wangu, hii niliyonayo ina miezi minne. Haijatoboka. Imechakaa kidogo kwenye vidole viwili vya mwisho, nimempelekea akaitazama, akanirudishia bila kusema neno juu yake, akasema tu "bosi, upepo."

---

Bibi_Nyali

Poda ya mtoto imeshanunuliwa. Mume wangu sasa ameacha kuuliza.